Nyamuoch na Namba 9991

Kila asubuhi kabla ya shule, Nyamuoch aliteka maji, kisha akamwandalia mdogo wake chai nyumbani kwao Gudele. Ijumaa ile aliimwaga mezani mara mbili.

"Una nini leo?" mama yake alimuuliza.

"Sina kitu, mama."

Lakini alikuwa nacho. Shule yao ilialikwa kwenye shindano la hesabu, na jibu la swali la kwanza lilipaswa kupelekwa kabla ya saa sita mchana: namba tasa iliyo kubwa kuliko zote chini ya elfu kumi ni ipi? Namba tasa hugawanyika bila baki kwa moja na kwa yenyewe tu. Malith, mwanafunzi mwenzake, alikuwa ameshaziondoa namba zote za juu. Siku iliyotangulia, Nyamuoch alipewa 9991, aigawe kwa kila namba tasa iliyo chini ya mia. Zilikuwa ishirini na tano, nazo zilitosha kwa sababu mia mara mia ni elfu kumi. Aligawa kumi na nane, wenzake wakamwita kuruka kamba, naye akazitia alama ya vema saba zilizobaki bila kuzigawa.

"Umemaliza zote?" Malith alimuuliza.

"Zote," alijibu.

Alipofika shuleni alimkuta Malith ofisini kwa mwalimu wao wa hesabu, Mwalimu Fortunate, aliyekuwa akitia karatasi ya jibu kwenye bahasha.

"Mwalimu, nilidanganya," Nyamuoch alisema. "Saba za mwisho sikuzigawa."

Mwalimu alitazama saa, kisha akamsogezea kiti. "Kaa umalize."

Sitini na saba iliacha baki nane. Themanini na tisa iliacha ishirini na tatu. Ikabaki tisini na saba peke yake. Nyamuoch aligawa, akarudia tena, akaweka kalamu chini.

"Haina baki, Mwalimu. Ni tisini na saba mara mia moja na tatu."

"Mimi nilikuamini," Malith alisema.

"Najua. Nisamehe."

Malith alifungua daftari lake. "Haya, tushuke chini."

9989 iligawanyika kwa saba. 9983 iliwasumbua mpaka ilipogawanyika kwa sitini na saba. Walipofika 9973, kila mmoja aliigawa peke yake, na mara zote ishirini na tano kulikuwa na baki. Mwalimu alihakiki, na saa tano na nusu bahasha ikaondoka na boda boda. Nyamuoch alishusha pumzi, akajikuta anacheka. Malith naye akacheka.

"Hiyo 9991 ingetudanganya wote," Mwalimu Fortunate alisema. "Mara ishirini na nne ilionekana tasa, ya mwisho ikaonyesha siyo. Kwa hiyo kazi ifanyeni mpaka mwisho. Na mkikosea, semeni mapema kama alivyosema Nyamuoch leo, wakati bado tunaweza kurekebisha."