Jogoo Katika Wimbo wa Bibi Harusi

Kila alasiri Agatha akitoka shule hufuta vumbi kwenye kompyuta ya baba yake, kisha huifunika kwa kitambaa cha maua. Kompyuta hiyo ndiyo iliyoleta wateja dukani kwao Masasi: barua, kadi za harusi, na mwaka huo CD za kwaya ya Chiwata. Kwaya ilimkabidhi baba yake nyimbo zao azinakili kwenye CD na kuziuza kwa niaba yao.

Adui wao alikuwa Muharami, muuza kanda wa stendi. Alinakili chochote bila kumwomba mtu.

"Safari hii hapati kitu," Agatha alijisemea. Alipokuwa akiziingiza nyimbo, mfumo endeshi wa kompyuta ulimuuliza kama azilinde zisinakiliwe. Akakubali. Likatokea onyo kwamba zitacheza kwenye kompyuta hiyo tu. Agatha akafurahi, na hakumwambia mtu.

Wiki iliyofuata Mama Joel, mmoja wa wateja, alirudi na CD yake. "Imegoma ofisini kwetu. Nimenunua wimbo, au nimenunua safari ya kuja kuusikiliza hapa?"

"Shikamoo, mama. Labda kompyuta yenu ina vumbi," Agatha alidanganya.

Jumamosi Agatha na baba yake walikwenda Newala harusini, na madumu ya maji garini kama kawaida ya waendao Newala, ambako maji ni ya shida. Bibi harusi alikuwa Nancy, mwimbaji kiongozi wa kwaya. Kwa kuwa asingeweza kujiimbia mwenyewe akiingia, aliomba upigwe wimbo wake uliorekodiwa.

Halfani, fundi wa kompyuta ya ukumbi, akaweka CD. Kimya. Akajaribu tena.

"Inataka ruhusa ya mwenye wimbo," alitangaza.

"Mwenye wimbo ni mimi!" Nancy alipaza sauti kutoka mlangoni, jasho likimtiririka ndani ya shela. "Iambieni nipo hapa juani!"

Watu wakacheka, lakini Nancy alikuwa karibu kulia. Agatha akamsogelea Halfani.

"Kaka, ni mimi niliyezifunga. Ruhusa imebaki kwenye kompyuta ya Masasi."

Kabla baba yake hajafungua kinywa, Muharami akasimama katikati ya wageni na kanda mkononi. "Mimi ninao."

"Umeupataje wewe?" baba yake Agatha akang'aka.

"Niliweka redio kaseti dirishani kwenu, mzee. Si mlikuwa mnaupiga kwa sauti?"

Kanda ikapigwa, Nancy akaingia kwa madaha. Kwenye ubeti wa pili jogoo wa jirani akawika humo humo kandani, ikafuata sauti ya Baba Agatha: "Agatha! Umeshafuta vumbi?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na Nancy naye. Mama Joel, aliyekuwa miongoni mwa wageni, akamgeuzia Agatha shingo taratibu. "Kumbe vumbi ni la kwenu."

Baadaye Halfani alimwita Agatha. "Waliobuni kufuli hilo hawakukosea kuwaogopa wezi. Hata sisi tunaotengeneza programu tunataka jasho letu lilipwe. Lakini tazama kufuli lako: limemzuia mnunuzi, limemzuia mwenye wimbo, na mwizi amepita dirishani. Ukifunga kitu unachouza, mwambie mnunuzi kabla hajalipa. Na ukikosea, usisingizie vumbi."

Jumatatu Agatha na baba yake waliingiza nyimbo upya bila kufuli. Muharami alikubali kuuza CD za kwaya kwa ruhusa yao. Agatha akapita kwa kila mteja, akaeleza kosa lake na kumbadilishia CD.

Mama Joel aliipokea, akaigeuzageuza.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini ile yenye jogoo mnauza?"