Video Isiyo na Sauti

Kila siku ya shule, Kidoti alifika nyumbani saa tisa na nusu alasiri, akafungua mlango kwa ufunguo alioufunga kwenye kamba shingoni, na kusema "Hodi!" ingawa alijua vizuri kwamba hakuna mtu ndani. Mama yake alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare. Aliondoka alfajiri na kurudi jua likiwa limeshazama, miguu imemvimba. Kaka yake, ambaye zamani waligombana kila jioni kuhusu nani afagie, alikuwa amehamishiwa kazi mji mwingine. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, viti vitatu na ukimya wa kutosha watu kumi.

Aliyeitikia hodi ile alikuwa Soksi, mbwa wa kahawia mwenye miguu myeupe, ambaye kaka alimwacha akisema, "Mtunze mpaka nirudi." Soksi alirukaruka, akaangusha kiti, akamlamba Kidoti pale shavuni penye doa dogo jeusi lililompa jina lake la utani. Kisha Kidoti alikaa sakafuni na kumsimulia mambo ya shule: hesabu zilizomshinda, nani alimcheka, nani hakumtafuta wakati wa mapumziko. Rafiki yake wa kweli alikuwa amehama, na wasichana wengine walikuwa wameshapata wenzao. Soksi alisikiliza yote na hakumkatiza hata mara moja. Ni watu wachache sana wenye adabu ya namna hiyo.

Lakini Soksi alikuwa na kasoro moja kubwa. Geti la nje likifunguliwa tu, alitoka nduki hadi barabarani. Siku moja alimkatia njia mwuza mayai aliyekuwa juu ya baiskeli. Mwuza mayai hakuumia, ila mayai yote yalikwisha siku ile ile bila kumpata mnunuzi.

Mama mwenye nyumba, ambaye magoti yake yalikuwa mabovu lakini masikio yake mazima kupita kiasi, alipanda ngazi akihema.

"Shikamoo, mama," Kidoti alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Mwanangu, sina ugomvi nawe, lakini mbwa mtoro simtaki. Mwisho wa mwezi ujao nitalifungua lile geti kwa mkono wangu. Akibaki ndani, basi abaki nyumbani. Akitoka, atakwenda kwa mlinzi wa ghala, afungwe mnyororo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Mlango ulipofungwa, Kidoti alimkumbatia Soksi. Alijiona akifungua mlango saa tisa na nusu, akisema hodi, na asiitikiwe na chochote. Alilia mpaka manyoya ya shingo ya Soksi yakalowa.

Kaka yake ndiye aliyempa wazo kwa simu. "Kuna mzee mmoja alikuwa mkufunzi wa mbwa wa polisi. Siku hizi anafundisha mtandaoni, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Nimeshakuandikisha. Tumia ile simu yangu ya zamani."

Jumamosi ya kwanza Kidoti aliiegemeza simu kwenye birika. Kioo kilikuwa kimepasuka pembeni, lakini Mwalimu alionekana vizuri: mzee mwenye kofia ya sufu na sauti ya kukwaruza. Wanafunzi walikuwa wanane pamoja naye, lakini wenzake wote walikuwa wamezima kamera. Palikuwa na vijisanduku vyeusi tu, chini yake maandishi: Bibi wa Ghorofani, Dereva wa Lori, Fundi Saa. Kidoti naye alizima yake. Hivyo wakawa watu wanane gizani, saa nne ya asubuhi.

"Chagueni maneno ya amri wenyewe, yale mnayoyatumia nyumbani," Mwalimu alisema. "Ila kumbukeni: neno moja, kazi moja. Leo mfundisheni kuteremsha makalio chini."

Hilo lilikuwa rahisi. Kidoti alisema, "Soksi, kaa!" huku akiinua kipande cha mkate juu ya pua yake. Kufikia Jumatatu, Soksi aliteremsha makalio mara tu aliposikia neno lile. Jumamosi iliyofuata, kazi ikawa ngumu zaidi: mbwa abaki pale pale dakika nzima, mwenyewe akiwa ametoka chumbani. "Mnitumie video," Mwalimu alisema.

Kidoti alijaribu Jumapili, Jumatatu, Jumanne. "Kaa!" Soksi alikaa. Kidoti akapiga hatua tatu nyuma. Soksi akainuka, akamfuata. "Kaa! Kaa hapo! Nimesema kaa!" Soksi akakaa tena, safari hii juu ya mguu wa Kidoti, akimtazama kama anayesubiri kupongezwa. Na wenzake je? Katika kundi la darasa kwenye simu, video zilikuwa zimeanza kuingia. Mbwa wa Bibi wa Ghorofani alitulia tuli. Wa Dereva wa Lori alilala kwa utulivu hata ukadhani amechorwa.

"Ni wewe peke yako uliye mjinga," Kidoti alimwambia Soksi, na hapo hapo akajuta kusema hivyo.

Ijumaa jioni alichukua uzi mweusi wa mama yake, ule mzito wa kushonea mikanda. Akaukunja mara nne, akaufunga upande mmoja kwenye ukosi wa Soksi na wa pili kwenye mguu wa kitanda. Kwenye video uzi haukuonekana kabisa. Soksi alijaribu kuinuka kidogo tu, akavutwa, akabaki chini akilalamika kwa sauti nyembamba dakika nzima. Kidoti aliisikia akiwa nyuma ya mlango, akaziba masikio. Kabla ya kuituma ile video, aliiondoa sauti.

"Vizuri sana, Kidoti!" Mwalimu alisema siku ya pili yake. "Mbona haina sauti lakini?"

"Simu yangu, mwalimu. Maiki imeharibika."

"Basi hapa unanisikia na kunijibu kwa miujiza," Mwalimu alisema, akacheka, akapita kwa mwingine. Labda alidhani maiki inachagua siku. Kidoti uso ulimwaka moto. Alikuwa amesifiwa mbele ya watu wote, na hakuwa amewahi kujisikia mpweke kama asubuhi ile. Hata kwa Soksi hakuweza kulisimulia, maana Soksi alikuwepo.

Alhamisi iliyofuata lori la maji lilikuja, geti likawa wazi wakati Kidoti anateremka ngazi na Soksi. "Kaa!" alisema, na Soksi akakaa vizuri kama alivyofunzwa. Kidoti hakuwahi hata kutabasamu. Soksi aliinuka, akapenya kati ya magurudumu, akaingia barabarani. Breki zikalia. Kidoti alisimama amefumba macho.

Alipoyafumbua, Soksi alikuwa anarudi akichechemea, mguu mmoja umechubuka. Dereva wa gari dogo alitoa kichwa dirishani na kusema maneno ambayo si ya kuandikwa kwenye kitabu cha shule. Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni kwake. Hakufoka. Alisema tu, "Zimebaki wiki mbili, mwanangu," na hilo liliuma kuliko kufokewa.

Jioni ile mama yake alikuwa anatafuta kitu kwenye kikapu cha ushonaji. "Uzi wangu mweusi umekwenda wapi? Umebaki mkia tu."

Kidoti alifungua mdomo ili aseme hajui. Badala yake kilitoka kilio, na nyuma ya kilio yakatoka yote: uzi, mguu wa kitanda, sauti iliyoondolewa, maiki, lori la maji. Mama alikaa kitini na kumsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amechoka, lakini hakuangalia saa.

"Mwalimu wako anajua?"

"Hajui, mama."

"Sasa anamfundisha mbwa gani? Maana huyu wa kwetu hajamwona bado."

Kidoti alijifuta pua kwa kiganja. Hakuwa amelifikiria kwa namna hiyo.

"Jumamosi utamwambia," mama alisema. "Mimi nitakuwa kiwandani, sitakuwepo wa kukushika mkono. Utaweza?"

"Sijui."

"Hilo ni jibu la kweli. Anzia hapo hapo."

Jumamosi saa nne, Kidoti aliiegemeza simu kwenye birika, akapiga moyo konde, akawasha kamera. Akaona uso wake mwenyewe katikati ya vile vijisanduku vyeusi, doa shavuni, macho mekundu.

"Shikamoo, mwalimu. Nina neno."

"Marahaba. Sema, binti."

"Video yangu ilikuwa ya uongo. Nilimfunga kwa uzi. Maiki yangu ni nzima. Niliondoa sauti kwa sababu alikuwa analia." Alimtazama Soksi. "Soksi hawezi kubaki. Juzi nusura agongwe na gari. Na mwisho wa mwezi nisipofaulu, ananyang'anywa."

 Kisha Mwalimu alivua kofia, akajikuna kichwa chenye mvi.

"Asante," alisema. "Mlete huyo mbwa wa kweli. Na sauti tafadhali."

Kidoti alisogeza simu. "Soksi, kaa!" Akakaa. Kidoti akarudi nyuma. Soksi akainuka. "Kaa! Kaa hapo, Soksi! Kaa!" Soksi akamfuata, akakaa, akainuka, akakaa tena, akainuka, akakaa mbele kidogo, mkia ukifagia sakafu.

Mwalimu alianza kucheka, cheko la kukwaruza lililoishia kwenye kikohozi. "Binti, umemwambia mara nne, naye amekutii mara nne! Wewe ulimfundisha kwamba 'kaa' ni kuteremsha makalio. Akishayateremsha, kazi imekwisha. Ukisema tena 'kaa' ukiwa na maana ya 'usiondoke', yeye atafanya nini? Makalio yameshakuwa chini! Inabidi ainuke kwanza ndipo ayateremshe upya."

Kidoti aliyatazama makalio ya Soksi, ambayo kweli yalikuwa chini.

"Na nyumbani humo neno hilo mnalitumia wapi tena?"

Kidoti alifikiri. Mgeni akija, mama humwambia, kaa kwenye kiti. Jirani huuliza, mnakaa wangapi humu? Mama mwenye nyumba husema, kaeni kwa amani. Hata sukari ikinunuliwa, mama huuliza kama itakaa wiki nzima.

"Maskini ya Mungu," Mwalimu alisema. "Mbwa huyo anaitwa kazini kutwa nzima. Na mimi ningeyajua haya wiki moja iliyopita, kama ningeisikia ile sauti."

Kijisanduku kimoja kikawaka. Alionekana bibi mwenye miwani minene, na nyuma yake mbwa mnene kama mto wa kulalia. "Mwalimu," alisema, "na mimi nina neno. Wangu nilimziba njia kwa kabati. Nami humwambia 'kaa' kwa kila kitu."

Kingine kikawaka. Alikuwa mwanamume mpana, kichwa ameinamisha. "Wangu nilimpiga picha amelala," Dereva wa Lori alisema. "Alikuwa amelala kweli. Nilidhani wa kwangu tu ndiye mzito wa kuelewa."

"Nami nilidhani wa kwangu," alisema bibi.

"Na mimi," alisema Kidoti.

Mwalimu aliwatazama wote watatu. "Video nane, zote nzuri! Na mimi nikajiona mwalimu hodari." Akavaa kofia yake. "Haya. Tunaanza upya. Kila mtu atafute neno la kubaki ambalo hakuna anayelitumia hovyo nyumbani kwake."

Kidoti alichagua "ganda". Kazi ilianza na sekunde tatu, kisha tano, kisha saba. Siku nyingine Soksi alifika ishirini, na kesho yake akashindwa hata nne. Kidoti aliandika zote daftarini, mbaya na nzuri, na kila jioni akamtumia Mwalimu video yenye sauti, pamoja na kelele za jirani. Jumapili mama aliacha kufua, akasimama mlangoni akifungua na kufunga, kufungua na kufunga, mpaka akasema hata yeye sasa ameganda.

Siku ya mwisho wa mwezi, mama mwenye nyumba alivuta komeo, akalifungua geti lote. Nje baiskeli zilipita, watoto walikimbizana, na upande wa pili wa barabara palikuwa na paka, tena paka asiye na haraka.

"Soksi, ganda."

Kidoti alirudi nyuma hadi kwenye ngazi. Soksi alitetemeka. Mguu mmoja mweupe ukasogea mbele, ukasimama. Mama mwenye nyumba alihesabu kwa sauti, polepole kuliko saa yoyote duniani. Alipofika sitini, Soksi alikuwa bado ndani.

"Mguu umesogea," alisema mama mwenye nyumba.

"Ndiyo, mama. Umesogea. Bado hajakamilika."

Yule mama alilifunga geti. "Nilikuwa nasubiri useme haukusogea. Abaki. Na lori la maji likija, nitakuwa nakuita kwanza kabla ya kufungua."

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya mwisho. Kamera zote nane zilikuwa wazi. Mwalimu aliwapongeza mmoja mmoja, na alipofika kwa Kidoti alisogea karibu na kamera.

"Binti, yule mbwa wa video ya kwanza sikuweza kumsaidia, kwa sababu hakuwepo. Na wewe sikuweza kukusaidia, kwa sababu ulijificha nyuma yake. Ukificha kosa, wewe mwenyewe unafichika pamoja nalo, na mwenye kukusaidia anapita mlangoni asijue kuna mtu ndani. Likumbuke hilo hata pasipo na mbwa."

Akaaga, na vijisanduku vikaanza kuzimika. Kidoti aliinua kidole ili abonyeze kitufe chekundu, akasita. Chumba kilikuwa kimya, mama yuko kiwandani, Soksi amelala.

"Mjukuu wangu," ilisema sauti ya Bibi wa Ghorofani, "hapa kwangu hakuna mtu mpaka jioni. Bado upo?"

Kidoti alivuta kiti karibu na simu.

"Nipo, bibi," alisema. "Nipo."