Kifo cha Askofu wa Zambarau

Askofu alikuwa amekufa, na hilo halikuhitaji daktari. Inspekta Bogna Sieradzka alimtazama, akamgeukia Sajenti Wrona, akamtazama tena Askofu, kisha akauma midomo asije akacheka mbele ya mfiwa.

Simu ilikuwa imeingia kituoni alasiri. Sauti ya mwanamume, inatetemeka: "Njooni haraka, Askofu ameuawa." Sasa kwa mji wa Wapolandi washika dini kama Elbląg, neno hilo si la mchezo. Wrona alipiga ishara ya msalaba, magari mawili yakatoka mbio na ving'ora, ambulensi ikafuata nyuma. Na hapa ndipo walipofikia: sebule ndogo ghorofa ya nne, tangi la kioo refu kama sofa, na ndani ya tangi, tumbawe.

"Huyu ndiye Askofu?" Inspekta aliuliza.

"Ndiye," alijibu mwenye nyumba, Zbyszko Małecki, fundi wa tramu, bado yumo ndani ya ovaroli, macho mekundu. "Marehemu mke wangu alimpa jina hilo kwa ajili ya rangi. Alikuwa zambarau tupu, kuanzia shina mpaka ncha. Mmemletea ambulensi?"

"Tumemletea."

"Mungu awabariki."

Hakuwa anatania. Kicheko kilimwishia Inspekta kooni, akavua kofia yake akaibana kwapani.

Alisogea karibu na kioo. Maji yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Matumbawe yote, makubwa kwa madogo, yalikuwa yakivuliwa ngozi. Vipande vilining'inia na kupepea majini, na chini yake ulionekana mfupa mweupe. Samaki wawili wa rangi ya machungwa walikuwa wameokolewa, wanazunguka ndani ya ndoo. Inspekta hakuwa mtu wa matumbawe, lakini maiti alizifahamu, na mbele yake sasa kulikuwa na maiti nyingi.

"Sajenti, chukua sampuli za maji. Chupa tatu, ziende maabara. Halafu kagua mlango."

"Kwa ajili ya... hawa?"

"Nimesema nini?"

Wrona akaenda.

"Bwana Zbyszko, mara ya mwisho ulimwona hai lini?"

"Asubuhi, kabla ya zamu. Hakuwa mzima wa kuringa, lakini alikuwa hai."

"Alikuwa anaumwa?"

"Rangi ilikuwa inamkimbia. Tangu Ewelina afariki mwaka jana, yote yamepauka. Yeye ndiye aliyekuwa na mkono wake, mimi nabahatisha tu. Bahari hii tunaitengeneza wenyewe, Inspekta. Chumvi pekee haitoshi, lazima utie madini, tena kidogo sana. Chuma kwa wale wa kijani. Iodini kwa wa zambarau na wa buluu. Ikipungua wanafifia, ikizidi wanakufa. Nilipeleka maji yakapimwa, nikaambiwa iodini imekwisha kabisa. Ndipo nikaanza kuwapa."

"Kiasi gani?"

"Tone moja kwa siku."

"Tangi zima hili?" Wrona aliuliza kutoka mlangoni. "Paka wangu anadondosha mate zaidi ya hapo."

"Mlango, Sajenti."

"Mlango ni mzima, Inspekta. Kitasa hakijachokonolewa. Aliyeingia alikuwa na ufunguo."

"Nani ana ufunguo?"

Zbyszko alisitasita. "Mimi. Mama mkwe wangu, Bibi Genowefa, anakaa ghorofa ya chini yetu. Na Roman Ćwikła, mwenyekiti wa klabu yetu ya matumbawe. Nilimpa juzi, maana Jumamosi anakuja kulichukua tangi. Nimempa lote, na samaki wake."

"Unaligawa?"

"Naligawa," alisema, akageukia dirishani ambako mvua ya Novemba ilikuwa ikinyesha.

Roman Ćwikła aliitwa, akafika anahema, mwanamume mnene mwenye masharubu ya kuchana. Alipoliona tangi alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama yangu wee! Zbyszko, umefanya nini?"

"Kaa chini, Bwana Roman," alisema Inspekta. "Mchana wa leo ulikuwa wapi?"

"Dukani kwangu, nauza rangi za kuta. Waulize wateja."

"Tutawauliza. Inasemekana nyumbani kwako kuna tumbawe linalofanana na Askofu kama pacha wake."

"Si pacha, ni tawi lake! Ewelina alinikatia kwa mkono wake mwenyewe. Sisi ndivyo tunavyofanya, bibi: cha kwako kikiwa kizuri, unamkatia mwenzako, ili siku kikifa kwako kiwe hai kwake. Sasa unanishuku mimi? Niue kitu ambacho Jumamosi kinakuja kwangu bure?"

Inspekta alikwisha kujiuliza hivyo. Roman ndiye angekuwa wa mwisho kuua. Basi wa kwanza angekuwa nani? Mtu ambaye hakutaka Jumamosi ifike.

Roman aliinamia maji, akanusa. "Iodini. Hakuna haja ya maabara. Mtu amemimina iodini ya kutosha kuoshea vidonda vya jeshi zima. Zbyszko, ndugu yangu, usinifiche, mkono ulikuteleza?"

"Haukuteleza!" Zbyszko alifungua kabati, akatoa kichupa chake na kukiinua kwenye mwanga. Kilikuwa kimejaa karibu mpaka shingoni.

Kwa hiyo iodini ilitoka kwenye chupa nyingine. Inspekta aliwaacha wanaume hao wawili wakitazama ndoo ya samaki, akateremka ngazi pamoja na Wrona.

Bibi Genowefa aliwafungulia kabla hawajagonga mara ya pili. Alikuwa mzee mwembamba mwenye aproni, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

"Ingieni, ingieni, msisimame kwenye baridi. Natengeneza kopytka. Mkwe wangu hajala kitu tangu asubuhi, namjua."

Jikoni viazi vilikuwa vimepondwa na kukandwa na unga, donge limeviringishwa na kukatwa vipande vidogo vya pembe, vimepangwa kwenye ubao vikisubiri maji yachemke. Wrona alivitazama kwa macho ya mtu asiyekula mchana.

"Bibi, umesikia yaliyotokea juu?"

"Nimesikia. Msiba mkubwa." Hakuinua macho.

"Leo ulipanda?"

"Mimi hupanda kila siku. Nakaa kidogo, natazama samaki, nateremka."

"Na leo?"

"Leo vilevile."

"Uligusa chochote?"

"Niguse nini mimi? Vitu vyao vya kisayansi hivyo."

Macho ya Inspekta yalikuwa kwenye ubao. Vipande vya mwanzo vya kopytka havikuwa vyeupe. Kila kimoja kilikuwa na alama ya kidole, buluu nzito inayokaribia weusi, mistari yake yote ikisomeka vizuri kuliko alama nyingi alizowahi kuletewa na wataalamu. Polisi yeyote aliyewahi kukagua noti bandia angelijua jambo hilo. Kalamu ya kukagulia ina iodini, na iodini ikikuta wanga inageuka rangi hiyohiyo. Viazi ni wanga, na unga ni wanga.

"Bibi Genowefa," alisema kwa upole, "nionyeshe mikono."

Mzee aliifuta kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja. Ncha za vidole vitatu vya mkono wa kulia zilikuwa za kahawia. Alizitazama yeye mwenyewe kana kwamba ni za mtu mwingine, kisha akavuta kiti akakaa.

"Ni dawa ya Lugol," alisema.

Inspekta naye akakaa. Jina hilo lilimrudishia mdomoni ladha ya chuma iliyochacha. Hakuna Mpolandi wa umri wake asiyeijua ladha hiyo. Mwaka ule kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka na upepo ukaja upande wao, watoto wa nchi nzima walipangwa foleni mashuleni na kunyweshwa iodini kwa kijiko, kuwakinga na mionzi.

"Uliinywa?" Bibi aliuliza.

"Niliinywa. Nikamtapikia mwalimu kwenye viatu."

"Wengi walitapika. Mimi nilikuwa mpishi wa shule ya chekechea. Manesi walikuwa wachache, ikabidi nishike kijiko. Niliwanywesha wote, na Ewelina wangu alikuwa kwenye foleni ileile. Hakulia. Alifungua mdomo, akameza, akasema, 'Mama, nipe na ya mwanasesere.'" Alitabasamu kidogo, na machozi yakamtoka hapohapo. "Vita vilipoanza nchi jirani, watu wakaogopa mionzi tena, nikaenda duka la dawa nikanunua chupa kubwa. Ikakaa kabatini. Sasa juzi nipo pale juu, Zbyszko anaongea na simu. Anasema matumbawe yamekosa iodini, yanafifia, Jumamosi anampa Roman. Nikasema moyoni, iodini? Si ninayo mimi! Halafu namwona anawapa tone moja. Tone moja! Mtoto gani anapona kwa tone moja?"

"Ukawapa ngapi?"

"Niliyahesabu matumbawe kama tulivyowahesabu watoto. Kila mmoja kijiko chake. Askofu nikampa viwili, ndiye alikuwa hoi zaidi."

Wrona aliacha kuandika.

"Ulitaka yapate rangi," Inspekta alisema.

"Nilitaka Jumamosi isije."

"Kwa sababu ni ya Ewelina."

"Ewelina yuko makaburini, mwanangu, kule namtembelea Jumapili." Alishusha pumzi. "Nitakwambia ukweli, maana umenishika. Mimi samaki hata siwapendi. Wananikodolea macho. Napanda kumwona yeye. Mkwe ambaye mke wake amekufa, mimi kwake ni nani? Sina cha kumdai. Watu wangesema huyu kikongwe anafuata nini kwa kijana wa watu kila siku? Nilikuwa nasema nakuja kutazama tangi. Tangi likiondoka nitabisha hodi nikiwa na sababu gani?"

Kulikuwa na mchakacho wa ovaroli mlangoni. Zbyszko alikuwa amesimama pale, na haikujulikana amesimama tangu lini.

"Na mimi nilikuwa naligawa kwa ajili yako," alisema kwa sauti iliyokwaruza.

"Kwa ajili yangu?"

"Kila ukiteremka nasikia unalia kwenye ngazi! Nikasema namtesa, kila siku anakuja kumwona mtoto wake kwenye kioo. Nikasema niliondoe apumzike."

"Silii mimi! Ni magoti! Zile ngazi zinaniua, na wewe mjinga hujawahi hata siku moja kunishika mkono!"

Wakatazamana. Zbyszko alianza kucheka, kicheko kikamgeukia kilio katikati, akapiga magoti sakafuni, ovaroli chafu na yote, akaweka kichwa kwenye ile aproni ya unga. Bibi Genowefa akamshika nywele kwa vidole vyake vya kahawia. Inspekta aligundua kuwa naye analia, wala hakujisumbua kuficha.

Lakini kazi ni kazi. Alipenga kamasi, akakaa wima.

"Bwana Zbyszko, wewe ndiye mlalamikaji. Mali yako imeharibiwa na mtuhumiwa amekiri. Unaendelea na shauri?"

"Shauri gani?" alisema bila kuinua kichwa. "Mtu amewapa watoto dawa."

"Basi Sajenti ataandika maelezo mafupi tulifunge."

Wrona alilowesha ncha ya kalamu kwa ulimi. "Jina la mtuhumiwa ninalo. Uhusiano wake na mlalamikaji?" Akakwama, maskini, akamtazama mkuu wake. "Inspekta, mke akiwa amefariki, hapa tunaandika nini? Aliyekuwa mama mkwe?"

Bibi Genowefa aliondoa mkono kwenye kichwa cha Zbyszko, akaanza kukunjakunja pindo la aproni. Zbyszko aliurudisha ule mkono pale ulipokuwa.

"Andika mama," alisema.