Wimbo wa Kinamasi

Jioni ile Zumari alikwenda duka la dawa kununua dawa ya koo, ingawa alijua haitasaidia kitu.

Mama yake hakuwa na sauti tangu siku alipoimba wimbo wa gemu la simu ambalo Zumari alilitungia muziki. Si kwamba alikuwa na mafua au sauti imekwaruza. Sauti haikuwepo kabisa. Alifungua mdomo, midomo ikaumba maneno, na hewa ikatoka tupu, kama mtu anayepuliza jiko lililokwisha kuzimika. Madaktari walimmulika wakasema koo ni zima. Mmoja alisema labda ni huzuni tu, na Zumari nusura amtukane mbele ya wagonjwa.

Zumari lilikuwa jina la utani. Mama yake ndiye aliyempa, kwa sababu alipokuwa mchanga kilio chake kilikuwa chembamba na hakikuwa na mwisho. Jina likamganda, likamfuata mpaka kazini, nako kazini likamfaa, maana kazi yake ilikuwa kutunga muziki wa magemu.

Muuza dawa alikuwa ameinamia simu nyuma ya kaunta.

"Nisubiri kidogo, dada. Nivuke hapa, nisiliwe na mamba."

Zumari aliutambua wimbo kabla haujafika mbali. Angekosaje kuutambua? Ulikuwa wa kwake. Alianza na muziki wa gemu la kupasua matunda, akaenda kwenye magari, akaenda kwenye mizimwi. Ndugu walimcheka. Baba yake mdogo alikuwa haachi kumuuliza ataacha lini kuwapigia vikatuni ngoma. Mama peke yake ndiye aliyekaa naye kitako, akasikiliza, akasema hapa pameniingia, hapa bado. Na gemu la kinamasi lilipokuja, ni mama aliyeimba. Wimbo hauna maneno. Ni mguno tu wa mwanamke mtu mzima, unapanda na kushuka juu ya ngoma nzito, unazunguka mchezaji akitafuta njia kwenye matope.

Halafu mama yake akakohoa.

Ndani ya simu.

"Eeh, kaanza," muuza dawa alisema, macho hayajatoka kwenye kioo. "Huyu bibi wa kinamasi siku hizi anaongea, we acha tu. Jana alikuwa analia. Wametengeneza vizuri hawa watu!"

Zumari alishika kaunta. "Analia anasemaje?"

"Anaita mtu. Jina lenyewe la ajabu..."

Hakuhitaji kumalizia. Simu ilimalizia.

"Zumari..." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu asiyetaka kusikiwa na aliye karibu naye. "Zumari, mwanangu. Huku kumekuwa giza."

Hayo maneno hayakurekodiwa. Yeye alikuwepo siku ile, mwanzo hadi mwisho. Mama yake hakutamka neno hata moja mbele ya maiki.

Alitoka bila dawa. Nyuma yake muuza dawa alikuwa anaita, "Dada! Dada, umeacha mkoba!"

Alirudi, akaupokonya, akaondoka tena.

Njia nzima kwenda studio waliyorekodia alitembea kama mtu anayekwenda kupigana. Hofu ilikuwepo, lakini hasira ilikuwa imeikalia juu. Mambo yalikuwa yanajipanga kichwani mwake, moja baada ya jingine, na kila lililojipanga lilizidi kumchoma.

Bosi wake, mwenye studio, ndiye aliyeng'ang'ania sauti ya mama. Mlete mama, mlete mama, kama wimbo. Na Bosi ndiye aliyesema, "Nimeleta fundi." Sasa neno fundi kwetu lina milango miwili. Kuna fundi wa kutengeneza vitu, na kuna fundi wa mambo yale mengine. Zumari alipita mlango wa kwanza bila kuuliza. Aliona mtu mfupi, msafi, mpole, hedifoni zimefunika masikio, akajua ni fundi wa sauti. Kwamba zile hedifoni hakuzivua hata wakati wa kula, hilo aliliona. Kwamba waya wake ulining'inia tu kifuani, haujachomekwa popote, hilo pia aliliona, akacheka kimoyomoyo.

Na kile kitambaa. Fundi alifunga kitambaa cheusi mbele ya maiki. Ni jambo la kawaida, pumzi ya mwimbaji isiigonge maiki. Lakini kitambaa kilinuka majivu. Na mama alipomaliza kuimba, Fundi alikifungua taratibu, akakikunja kama mtu anayefunika kitu chenye uhai, akakitia kwapani.

Mama akauliza, "Nimeimba vizuri, baba?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Studio ilikuwa juu kabisa ya jengo la ofisi. Wafanyakazi walikuwa wameshatoka. Zumari alipanda ngazi mbilimbili. Kwenye korido taa ilikuwa inapepesa, na ile harufu ilimpokea kabla hajagusa mlango.

Majivu. Na kitu kingine, kama matope yaliyooza.

Mlango wa chumba cha kuchanganyia sauti ulikuwa wazi nusu. Bosi alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono magotini, kama mtu anayesubiri majibu hospitali. Fundi alikuwa amesimama kando, hedifoni masikioni, macho ameyafumba. Mbele yao kulikuwa na kile kioo kipana, na nyuma ya kioo, chumba cha kurekodia.

Hakukuwa na mtu mle ndani.

Maiki ilisimama peke yake. Kitambaa cheusi kilikuwa kimefungwa mbele yake. Na kitambaa kilikuwa kinaingia ndani na kutoka nje... kinaingia, kinatoka...

Kilikuwa kinapumua.

Kwenye spika mama yake alikuwa anaimba. Kwa uchovu. Kama mtu aliyeambiwa usiache.

"Sss!" Bosi aliinua kidole. "Usipige kelele. Anarekodi."

"Nani anarekodi?"

Bosi aliweka kidole mdomoni.

"Nimekuuliza, nani anarekodi? Mama yangu yuko nyumbani kitandani. Huyo anayeimba humo ni nani?"

"Zumari, punguza sauti, nakuomba. Ni ya toleo la pili. Watu wameipenda ile sauti, hujui walivyoipenda..."

"Umemfanya mama yangu msukule?"

Neno lilianguka katikati ya chumba. Bosi alilitazama kama vile lilikuwa sakafuni. Alikuwa mtu wa kucheka ovyo, mtu wa kupiga watu mabegani, mtu aliyejua siku za kuzaliwa za wafanyakazi wote. Sasa uso ulikuwa umemshuka.

"Unadhani wewe peke yako umetoa mtu?" alinong'ona. "Gemu la kwanza lilikufa. La pili likafa. Watu wanafungua, wanafunga. Nikaambiwa, kinachokosekana ni roho. Nikadhani ni msemo." Alimeza mate. "Shemeji yako hakusafiri, Zumari. Mimi nilimtanguliza yeye."

Shemeji. Mke wa Bosi. Mwanamke mwenye kicheko kikubwa aliyekuwa akiwaletea chai, aliyesemekana amekwenda kusoma nje.

"Yuko wapi?"

Bosi alitazama kioo.

Zumari alimrukia. Alimkamata kola, akamtikisa mpaka kiti kikagonga ukuta. "Mrudishe! Mrudishe mama yangu sasa hivi, mbwa wewe!"

Hapo Fundi akafumbua macho. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Huyo hawezi kumrudisha. Wimbo hauna mwisho. Mwimbaji atatokea wapi?"

Zumari alimwacha Bosi. Alielewa. Muziki wa gemu haumaliziki. Mchezaji anaweza kukaa kwenye kinamasi dakika moja au siku nzima, kwa hiyo mkia wa wimbo unashonwa na kichwa chake, unazunguka, na mtunzi hodari ni yule ambaye mshono wake hausikiki. Yeye alikuwa hodari. Alikuwa ametengeneza chumba kisicho na mlango, na hawa wawili wakamwingiza mama yake humo.

Kinanda chake kilikuwa palepale pembeni, kimeunganishwa bado. Akakivuta, akakaa.

"Unafanya nini?" Bosi alisema.

"Nautia mwisho."

"Hapana. Zumari, hapana, ngoja!" Bosi alikuja mbio, akamshika mkono. "Mke wangu yumo! Ukiufunga wimbo na yeye yumo ndani..."

"Ungefikiri kabla hujamtoa!"

Alimpiga kiwiko cha mdomo. Bosi alianguka akishika meno. Fundi hakusogea. Hakumzuia. Alikuwa anatazama tu, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza kama chungu kimeanza kuchemka.

Zumari alipiga. Hakupiga kwa huruma. Alipiga kwa hasira, vidole vinauma. Aliukamata wimbo pale unapogeuka kurudi mwanzo na hakuuacha ugeuke. Akaushusha. Sauti ya mama ilisita... ikayumba... ikamsikia. Ikaanza kumfuata, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani huku akipapasa ukuta.

"Njoo, Mama," alisema kwa meno yaliyokazana. "Njoo. Njoo."

Sauti ya mwisho ilikuwa ndefu. Mama aliishika mpaka pumzi ikaisha.

Kimya.

Kitambaa kililala kwenye maiki.

Simu ya Zumari ikalia mkobani. Alikuwa mama mdogo, aliyebaki nyumbani na mgonjwa. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Dada ameongea! Ameongea, njoo haraka! Amekutaja jina!"

Zumari aliinuka. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mtu alikuwa anagonga kioo. Kutoka ndani.

Bosi alitambaa mpaka kwenye kioo, akabandika viganja vyake, damu ya mdomo inamchuruzika, akawa anaita jina la chumbani, lile mtu anamwita mkewe wakiwa wawili. Chumba kilikuwa kitupu. Kitambaa kilikuwa kimeanza kupumua tena, haraka haraka, kama mtu aliyekimbia akakuta mlango umefungwa.

Zumari hakugeuka. Na wakutane, alijisemea. Alishuka ngazi.

Nyumbani, mama alikuwa ameegemezwa mito. Mama mdogo alimpisha Zumari, naye akapiga magoti kando ya kitanda, akaikumbatia ile mikono, akasubiri kusikia ile sauti imwite mwanangu.

"Ni wewe uliyefunga?" mama yake aliuliza.

Sauti ilikuwa imekwaruza lakini ilikuwa yake. Na ilikuwa na hasira.

"Mama?"

"Nimekuuliza. Mlango umeufunga wewe?"

"Nimekutoa, Mama. Walikuwa wamekufunga kule, mimi nimekutoa."

"Tulikuwa wawili." Mama alijitoa mikononi mwake. "Yule binti ndiye aliyenishika mkono muda wote. Giza lile, matope yale, yeye ndiye aliyeniambia imba, Mama, ukiacha kuimba kile kitu kinasogea. Tulipoona mwanga akanisukuma mbele. Akasema tangulia, wewe mtu mzima, mimi nitakufuata. Akasema mwambie bintiyo asifunge." Macho yake yalikuwa makavu. "Nilisikia kidole chake mgongoni mwangu. Halafu sikukisikia."

Zumari alikaa sakafuni.

"Kile kitu ni kitu gani, dada?" mama mdogo alinong'ona.

Mama aligeukia ukuta.

Asubuhi Zumari alirudi studio. Fundi hakuwepo. Kitambaa hakikuwepo. Bosi alikuwa amekaa sakafuni ndani ya chumba cha kurekodia, mgongo kwenye nguzo ya maiki, mdomo wake unafunguka na kufumba bila sauti. Ndugu zake walikuja wakamchukua. Madaktari walimmulika koo wakasema ni zima. Kwenye simu za watu, kinamasi kilikuwa na muziki uleule, ila wachezaji walianza kulalamika kwamba bibi haongei tena. Sasa alikuwa anaimba mwanamume. Vibaya, walisema. Kama anayeogopa.

Zumari alibeba kinanda chake akakileta nyumbani. Kama wimbo unaweza kufunga, alifikiri, basi upo unaofungua. Aliacha kazi nyingine zote. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikaa mezani akatafuta, na mama yake, ambaye alikuwa hamsemeshi zaidi ya salamu, alivuta kiti akakaa karibu na kusikiliza.

"Siyo," alikuwa anasema. "Siyo huo. Bado hajasikia."

Siku moja jua likiwa kali dirishani, Zumari aligusa vibonye vya chini, akavichanganya na kitu alichokiota, na mama yake akamkamata kifundo cha mkono.

"Usiache," alinong'ona. "Endelea hapohapo. Anasikia... anakuja."

Zumari aliendelea. Harufu ya matope iliingia chumbani. Na kwenye spika, mbali sana, hatua. Nzito, zinavuta maji. Zinakaribia.

"Ndiye yeye, Mama? Ndiye?"

Mama yake alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama, anasikiliza. Kisha vidole vyake vikaanza kukaza juu ya kifundo kile, vikakaza, mpaka kucha zikaingia.

"Funga," alisema.

"Lakini, Mama, tukifunga tena yeye..."

"Funga, mwanangu. Huyo siye. Ni kile kitu."

Zumari alitafuta mwisho wa wimbo. Siku ile kule studio hasira ndiyo iliyompa vidole. Sasa aliitafuta hasira kifuani, akaitafuta kila mahali, haikuwepo, na hatua zilikuwa zimeshafika karibu kiasi cha kusikika kuwa ni za miguu mitupu, zimetoka kwenye maji, zinatembea sakafuni.