Mama Pacha na Cheti cha Kiingereza

Kila asubuhi Baba Pacha ndiye aliyemimina chai. Aliweka ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe, kisha akamimina polepole. Chai ilipogusa kidole, aliacha. Kidole hicho kilikuwa chekundu siku zote, lakini hakutaka kusaidiwa.

"Niache," alimwambia mke wake. "Hili nalo likinishinda, nitabaki na kazi gani?"

Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Kwa miaka mingi alifanya kazi bila miwani ya kinga. Alisema miwani inamchelewesha. Mwaka uliopita cheche iliruka ikaingia jicho la kulia. Jicho hilo likafa. La kushoto nalo likaanza kufifia. Sasa aliona mwanga na vivuli tu.

Mke wake alikuwa mkunga hospitalini. Majirani walimwita Mama Pacha kwa sababu ya mabinti zake wawili wa miaka minane. Walifanana kama sarafu mbili. Zamani baba yao aliwatofautisha kwa alama ndogo kwenye kidevu cha mmoja wao. Sasa aliwatofautisha kwa sauti, na wao walimtania kwa kuigizana sauti. Alicheka kila mara. Mama yao hakucheka.

Siku moja tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa wodi ya wazazi. Wodi ingefungwa baada ya miezi sita. Wakunga kumi na wawili walisimama wakalisoma. Mmoja alikwenda kunawa mikono, ingawa ilikuwa safi.

Wiki ile ile habari nyingine ikaenea. Hospitali moja ng'ambo ilikuwa inatafuta wakunga. Mkataba ulikuwa mzuri, na baada ya mwaka mmoja mtu angeweza kuomba familia imfuate. Sharti gumu lilikuwa moja: cheti cha mtihani wa Kiingereza.

"Kiingereza si nilisoma shule?" Mama Pacha alimwambia mumewe. "Hata kadi za wagonjwa tunaandika kwa Kiingereza."

"Basi nenda kafanye," akasema Baba Pacha.

Alinunua kijitabu chenye insha arobaini. Akazikariri zote, neno kwa neno, kama mtoto anavyokariri wimbo. Siku ya mtihani, katika sehemu ya kuzungumza, mtahini alimwomba aeleze kuhusu chakula anachopenda kupika. Mama Pacha alijibu kwa insha ya safari ya ufukweni. Mtahini akamkatiza kwa upole, akarudia swali. Mama Pacha akaendelea na ufukwe. Kinywa kilikuwa kinakwenda chenyewe.

Matokeo yalipotoka, alama zilikuwa chini mno. Alikaa kwenye ngazi za jengo lao kwa saa nzima. Hakutaka kuingia ndani na uso ule, kisha akakumbuka kwamba mumewe hatauona. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

*

Mwanamume mmoja alikuwa na ofisi ndogo juu ya duka la viatu. Watu walimwita Chapchapu. Alisema anaweza kumpatia mtu yeyote cheti cha Kiingereza bila mtihani.

"Kina muhuri, kina namba, kina picha yako," alisema. "Mbona unajitesa, dada? Mwenzako tayari ninacho chake mezani."

Mwenzake huyo alikuwa mkunga wa zamu ya pamoja, mwanamke mrefu aliyeitwa Twiga na wote, hata na wagonjwa. Ni yeye aliyemleta Mama Pacha pale.

Nyumbani, Mama Pacha alimweleza mumewe.

"Wodi inafungwa lini?" Baba Pacha aliuliza.

"Bado miezi mitano."

"Mpe anachotaka," akasema. "Sisi siyo watu wa kwanza."

Chapchapu alitaka pasipoti yake ibaki ofisini. Alisema ni ya kuandalia cheti. Mama Pacha akampa.

Twiga alipata cheti chake, akakituma ng'ambo. Akaanza kugawa vyombo vyake vya jikoni. Alicheka sana siku zile. Mama Pacha alipewa sufuria mbili.

Baada ya mwezi mmoja, Mama Pacha alimkuta Twiga kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa ameketi sakafuni. Sare yake ilikuwa mapajani, na juu ya sare kulikuwa na barua mbili.

"Waliangalia namba," Twiga alisema. Hakuinua uso. "Mtihani una rekodi zake. Mwajiri anaandika namba ya cheti, anaona jina na alama. Namba yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Mwanamume."

"Na barua ya pili?"

"Ya baraza la wauguzi na wakunga. Mwajiri aliwaandikia, wamesimamisha leseni yangu. Miaka mitatu." Akaikunja sare vizuri, kona kwa kona. "Miaka kumi na sita, Mama Pacha. Sikuwahi kumpoteza mama kwa uzembe. Hata mmoja."

Mama Pacha alitaka kumshika bega. Twiga akamwondoa mkono.

"Nenda kachukue pasipoti yako," alisema. "Nenda sasa hivi."

*

Katika ghorofa ya chini ya jengo lao aliishi mkalimani wa mahakama. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno. Mchana kutwa aligeuza maneno ya washtakiwa na mashahidi kwa Kiingereza na kurudi. Alikuwa pia amewahi kusimamia vyumba vya mtihani ule. Mama Pacha alimgongea mlango, akasimama pale bila kujua aanzie wapi.

"Ingia, mdogo wangu. Umekuja kulia au umekuja kusema?"

Akasema yote. Mkalimani alivaa viatu vyake kabla hajamaliza.

Chapchapu hakufurahi kuwaona.

"Kazi imeshaanza," alisema. "Pasipoti haitoki mpaka imalizike."

"Sikiliza," mkalimani alisema, bila kupandisha sauti. "Pasipoti si mali yako. Nafanya kazi mahakamani, najua watu kama wewe wanavyojibu wakiulizwa. Huwa wanatoa jasho hapa." Akagusa mdomo wake wa juu. "Itoe, au tuite polisi tukiwa tumekaa hapa hapa."

Chapchapu alifungua droo. Ndani kulikuwa na pasipoti nyingi, zimefungwa kwa mpira. Mama Pacha aliziona zote kabla ya kurudishiwa yake. Hakulala vizuri kwa siku kadhaa kwa sababu ya droo ile. Mkalimani alimpeleka kituo cha polisi siku hiyo hiyo, wakaandikisha maelezo, kwa kuwa huenda Chapchapu alitoa nakala za pasipoti ile, nazo zingeweza kutumiwa vibaya. Baada ya siku tatu polisi walikwenda. Ofisi ilikuwa tupu. Zile pasipoti nyingine hazikuonekana tena.

*

"Sasa tuseme kweli," mkalimani alisema jioni iliyofuata. "Kiingereza unacho. Mtihani ndio huujui."

Alichukua karatasi akaandika: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza.

"Ni sehemu nne. Kila moja ina alama zake. Ulizia mwajiri anataka alama ngapi katika kila sehemu, maana jumla nzuri haitoshi kama sehemu moja imeanguka. Jiandikishe mwenyewe, kwenye kituo kinachotambulika. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kosa la herufi moja linaweza kukurudisha mlangoni."

"Na zile insha?"

"Tupa."

"Zote arobaini?"

"Watahini wanasikiliza watu kila siku. Jibu la kukariri wanalijua kwa sentensi ya pili. Sema chako, hata kama ni kidogo. Usiposikia swali, omba lirudiwe. Hakuna aibu. Wewe mgonjwa akikuomba urudie, unamchukia?"

"Hapana."

"Basi."

Muda uliobaki ulikuwa miezi mitatu. Kila alfajiri, kabla ya zamu, Mama Pacha alisikiliza habari za Kiingereza kwenye redio mara moja tu, akaandika alichoshika. Mara moja, kwa sababu siku ya mtihani sauti hairudiwi. Alipopitwa na jambo, alijifunza kuliacha na kufuata linalofuata. Hilo lilimwia gumu kuliko yote. Katika kusoma, alianza na maswali, ndipo akatafuta majibu kwenye habari. Kila jioni aliandika ukurasa mmoja, saa ikiwa mbele yake. Mkalimani alisahihisha kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa kwanza ulirudi kama nguo yenye damu ya chumba cha upasuaji.

Kuzungumza alizoea nyumbani. Pacha waliuliza maswali kutoka kwenye karatasi, kwa ukali mkubwa kuliko mtahini yeyote. Baba Pacha alikaa kwenye kiti chake akasikiliza. Kiingereza chake kilikuwa cha kawaida, lakini masikio yake yalikuwa yamekuwa makali.

"Umesema 'aa' mara kumi na tisa," alimwambia. "Na sauti inashuka mwishoni, kama unaomba msamaha."

Jioni moja pacha mmoja aliuliza: "Mume wako anafanya kazi gani?"

Mama Pacha akajibu kwa Kiingereza kwamba mume wake ni fundi wa kuchomelea.

"Umekosea," akasema Baba Pacha.

"Wapi?"

"Umesema 'ni'. Hapo inatakiwa 'alikuwa'."

Pacha waliangalia karatasi.

"Rudia," alisema. "Mtahini atakukata alama."

Mama Pacha akarudia. Mume wake alikuwa fundi. Alisema sentensi hiyo mpaka mwisho, sauti bila kushuka. Kisha akaenda jikoni akafungua bomba la maji, akaliacha litiririke.

*

Siku ya mtihani alifika saa moja kabla. Mkoba na simu viliachwa kwenye kabati. Wasimamizi wakakagua pasipoti, wakampiga picha, wakachukua alama ya kidole. Kijana mmoja mbele yake alizuiwa: pasipoti yake ilikuwa imeisha muda. Alisimama pembeni akiigeuza geuza, kama vile tarehe ingebadilika.

Katika kusikiliza, Mama Pacha alipitwa na swali la saba. Akaliacha, akafuata la nane. Mwishoni akarudi, akaandika jibu la kubahatisha, kwa kuwa alikuwa amesoma kanuni na kujua kwamba kwenye mtihani wake kukosea hakupunguzi alama. Katika kuandika, alitumia dakika tano za kwanza kupanga mawazo. Mwanamke wa kando alikuwa ameshajaza nusu ukurasa. Mama Pacha hakumtazama tena.

Mchana akaitwa kwenye chumba cha kuzungumza. Mtahini alikuwa mzee mwenye mafua. Alimpa kadi: eleza kuhusu mtu aliyejifunza jambo gumu.

Alipewa dakika moja ya kujiandaa. Akaandika maneno matatu: kikombe, kidole, chai.

Alieleza kwa Kiingereza cha kawaida. Alisema mume wake alikuwa fundi na sasa haoni. Mwezi wa kwanza alivunja vikombe sita. Mwezi wa pili alijiunguza. Sasa hamwagi hata tone. Katikati alikosea neno, akajisahihisha. Mara moja alikwama kabisa. Kisha akaendelea. Alisema: hakuwahi kuniambia kwamba anaogopa, lakini najua, kwa kuwa hupenda taa iwake hata kama haimsaidii.

Mtahini aliandika kitu. Akauliza: "Na wewe umejifunza nini kwake?"

Mama Pacha hakusikia vizuri, kwa sababu ya mafua ya yule mzee.

"Tafadhali, unaweza kurudia swali?"

Akarudia. Naye akajibu.

*

Matokeo yalitoka wiki mbili baadaye. Sehemu zote nne zilifika alama zilizotakiwa. Kuandika kulifika kwa taabu, bila alama ya ziada. Hospitali ya ng'ambo ilikagua namba ya cheti. Jina lilikuwa lake.

Siku barua ya kazi ilipofika, wodi ya wazazi ilikuwa na kufuli. Mama Pacha alichukua karatasi zake zote za mazoezi akampelekea Twiga. Twiga alikuwa anauza mboga nje ya nyumba yake. Alizipokea, akaziweka chini ya sanduku ili zisipeperuke.

Mama Pacha alisafiri peke yake. Dada wa Baba Pacha alihamia kwao kukaa na watoto. Pacha walimng'ang'ania mama yao mlangoni mpaka kitufe cha koti kikakatika.

Mwezi wa tatu alipiga simu jioni, baada ya kazi. Baba Pacha alipokea.

"Leo nimezalisha," alisema. "Wa kwanza niliyemshughulikia peke yangu huku. Mama yule alikuwa anaongea haraka, analia, anatukana. Nimemwelewa kila kitu. Hata matusi."

Baba Pacha akacheka. Halafu akauliza: "Mtoto mzima?"

"Mzima. Wa kike. Kilo tatu na ushee."

"Na wewe?"

Laini ikawa na mkwaruzo kidogo.

"Bado miezi tisa niombe mje," akasema. "Nimeshaulizia fomu. Nazijaza mwenyewe."

"Sawa," akasema Baba Pacha. "Ngoja nikuitie watoto. Ongea nao kila mmoja kwa zamu, wasikudanganye."