Mgeni Asiyeshiba

Esperance alizima moto, akafunga gesi, lakini sarafu iliyokuwa ndani ya sufuria ikaendelea kugonga.

Tik. Tik. Tik.

Sarafu ile aliiweka mwenyewe jioni, kama alivyofundishwa na Doña Chayo, bibi wa Kimeksiko aliyemwachia mgahawa huu wa Kenmore, pembeni mwa Buffalo, alipozeeka na kwenda kuishi kwa mwanawe. Tamale, unga wa mahindi uliojazwa nyama na kufungwa kwenye maganda, hupikwa kwa mvuke. Unatupa sarafu ndani ya maji, unaweka wavu juu yake, unapanga tamale, unafunika. Maji yakichemka, sarafu inacheza na kugonga chini. Ikinyamaza, ujue maji yamekauka, ongeza mengine kabla hujaunguza chakula cha watu. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia Esperance afanye nini sarafu ikigonga ndani ya maji yaliyokwisha kupoa.

Akafunua. Maji yalikuwa yametulia tuli. Tamale zilizobaki zilisimama wima, kila moja ndani ya maganda yake ya mahindi, imefungwa kamba yake vizuri. Akachukua moja, ikawa nyepesi mno mkononi. Alipoifungua, ndani hamkuwa na kitu: si unga, si kuku, si hata tone la pilipili. Akafungua ya pili na ya tatu. Zote zilikuwa tupu, na kamba hazikuwa zimeguswa. Jikoni kukaanza kunuka nguo mbichi zilizosahauliwa sandukuni.

"Panya," akasema kwa sauti, ingawa alijua fika kwamba panya hafungi kamba.

Esperance hakuwa mwanamke wa kutishika ovyo. Kijijini kwao Bunyakiri alitoka mbio na mwanawe Ombeni mgongoni, nyumba ikiwaka nyuma yake. Kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale aliondoka na sanduku moja na mume. Huku Buffalo alifua mashuka ya wagonjwa mpaka ngozi ya vidole ikabanduka, kabla Doña Chayo hajampokea jikoni. Siku ya kwanza alipoona unga wa mahindi unafungwa kwenye maganda, alicheka. Kumbe ni ndugu yake chikwange, ule muhogo wa kwao unaofungwa kwenye majani! Sasa mgahawa ulikuwa wake, na aliupenda kuliko alivyowahi kupenda nyumba yoyote. Watu walikuja usiku sana, manesi waliotoka zamu, wanafunzi, vijana wa maghala ya Cheektowaga, wakafungua makoti, wakala bila kuharakishwa na mtu. Kwa mahali hapa alikuwa amejiapiza kwamba hakimbii tena.

Basi akatupa maganda yale, akaenda kulala. Hakulala.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Mutuku, nesi Mkenya, mteja wa kila wiki, mlaji asiye na aibu. Usiku mmoja mgahawa ulijaa, akakaa meza ya pembeni, karibu na dirisha. Alimaliza sahani, akaagiza nyingine, akamaliza, kisha akamwita Esperance kwa kidole, macho yamemtoka.

"Mama Ombeni, usinicheke. Nimekula zote hizo na bado niko na njaa, kama sijakula tangu jana. Hii si normal."

"Umefanya kazi sana, mutoto yangu."

"Si kazi." Akashusha sauti. "Kila nikikata kipande, kingine kinaisha kwa upande wa pili. Na hicho kiti hapo mbele yangu, kiguse tu."

Esperance akakigusa. Kilikuwa kimelowa na baridi, na kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kama kinavyovutwa mtu anapokaa. Harufu ya nguo mbichi ikampanda puani.

"Kwetu Ukambani tungesema hiyo ni jini," Mutuku akanong'ona. Akavaa koti, na kwa mara ya kwanza hakuaga kwa mzaha.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika. Wateja walikula wakaondoka na njaa, na mtu hawezi kurudi mahali panapompa njaa. Meza zikawa wazi. Sarafu ikagonga usiku kucha juu ya jiko baridi. Halafu ikaja sauti. Esperance alikuwa peke yake anaosha vyombo, Bisimwa mumewe yuko kazini ghalani, akasikia Bisimwa anaita toka meza ya pembeni, polepole, kwa adabu:

"Mama Ombeni. Leta ingine."

Alipompigia simu mumewe, akamsikia kwenye simu anapiga kelele juu ya mashine, na wakati huohuo akamsikia nyuma ya mgongo wake, anarudia: "Leta ingine."

Alimwita Mama Spés, mkuu wa kikundi cha maombi kanisani, mwanamke ambaye sauti yake peke yake ingeweza kuhamisha kabati. Mama Spés akaja na chupa ya mafuta, akazunguka meza kwa meza, akaomba mpaka jasho likamtoka na nje kuna barafu.

"Kwa jina la Yesu, toka! Nani alikuleta hapa?"

Taa zikafifia. Kiti cha pembeni kikalia. Sauti ikajibu taratibu, kama mtu aliyekaa sebuleni kwa watu akiona anaonewa:

"Nilikaribishwa."

Mama Spés akageuka. "Maman Ombeni, ni nani alimukaribisha?"

Esperance akakumbuka. Ilikuwa usiku wa theluji kubwa. Wateja hawakuja, akajipakulia, akala amesimama kaunta, ameinamia sahani. Mlango ukafunguka, baridi ikaingia. Na yeye, chakula kikiwa mdomoni, bila kuinua kichwa, akasema neno ambalo kila mtoto wa kwao hufundishwa kusema mtu akimkuta anakula: "Karibu, tule." Alipoinua macho hakuona mtu. Akafunga mlango, akalaumu upepo. Kesho yake alipangusa maji kwenye kiti cha pembeni bila kujiuliza yametoka wapi.

"Ni miye," akasema. "Miye mwenyewe."

Mama Spés akafunga chupa yake. "Bon. Mungu anisamehe, miye naogopa. Muache hii nyumba."

Bisimwa hakuhitaji kuambiwa tena. Usiku uleule akatoa sanduku chini ya kitanda. "Tunaenda kwa Ombeni, Columbus. Ule mutoto iko na chumba karibu na université, tutalala hata chini. Mama Ombeni, hii kitu haiko ya kupigana nayo."

"Na mgahawa?"

"Tulishaacha shamba, tukaacha nyumba. Tutashindwa kuacha sufuria?"

Maneno yale yalimuuma Esperance kuliko hofu, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Akakunja nguo. Bisimwa akafunga sanduku, akalisimamisha mlangoni, akazima taa. Chumba kikawa kimya.

Tik. Tik. Tik.

Sauti ilitoka ndani ya sanduku. Bisimwa akamshika mkewe mkono. Ndipo Esperance akaelewa, na hofu yote iliyomkaa kifuani ikageuka hasira. Mgeni hakukaribishwa na mgahawa. Alikaribishwa na yeye, na angemfuata mpaka kwenye kitanda cha mwanawe.

"Hapana," akasema gizani. "Kwa mutoto yangu? Hapana!" Akavaa koti juu ya nguo ya kulalia.

"Unaenda wapi, Mama Ombeni?" Bisimwa alinong'ona.

"Kupika. Weye baki, haikukaribishwa na weye."

Mgahawani akawasha moto, akakanda unga na mafuta, akajaza kuku na pilipili, akafunga kamba, akapanga. Alipika vizuri, asije mtu akasema alimnyima mgeni. Chakula kilipoiva akakitoa chote, akakipeleka meza ya pembeni kwenye sinia moja, akaketi kiti cha pili, uso kwa uso na baridi ile, na taa zikafifia, na maganda yakaanza kufunguka yenyewe, kamba zikijilegeza moja baada ya nyingine bila mkono, na unga ukitoweka kwa vipande vyenye alama za meno, meno mengi mno kwa mdomo mmoja, na harufu ya nguo mbichi ikamjaa kooni, lakini akanyoosha mkono, akachukua tamale kutoka sinia lilelile, akaila mpaka mwisho, kwa sababu mwenye nyumba hula na mgeni wake, na yeye ndiye alikuwa mwenye nyumba.

Sinia likabaki tupu.

"Leta ingine," sauti ya Bisimwa ikasema. "Bado sijashiba."

Esperance akapangusa mikono. "Kwetu mgeni hasemi vile."

Akasukuma sinia pembeni.

"Nilikukaribisha, ukakula. Sasa nakusindikiza."

Meza ikatikisika. Madirisha yakalia. Kitu baridi kikamshika shingoni, na sauti, ambayo sasa haikuwa ya Bisimwa wala ya mtu yeyote, ikamuuliza sikioni kama haogopi.

"Naogopa!" akapiga kelele. "Naogopa sana! Na halafu? Bunyakiri walinifukuza batu wenye bunduki. Weye hauna hata miguu! Simama, twende."

Kiti kikarudi nyuma.

Akachovya mkono kwenye maji ya moto ya sufuria, akaitoa sarafu, akaifunga ndani ya ganda la hindi kwa kamba, maana mgeni hatoki mikono mitupu. Akafungua mlango, akatoka. Theluji ilikuwa inaanguka. Akasikia nyayo zake zikikanyaga, na pembeni yake nyayo nyingine, nzito, zikienda sawa naye, na hakugeuza kichwa, kwa kuwa alijua akigeuka tu atapiga mbio, na mbio alikwisha kuzikataa. Wakafika kituo cha basi. Msindikizaji huishia nusu ya njia. Akaweka kile kifurushi juu ya theluji.

"Hii ni ya njiani. Nenda."

Hapo ndipo mtu wa kwao huongeza: karibu tena. Nyayo zikasubiri. Esperance aliusikia ulimi wake ukitaka kulisema, kwa mazoea ya maisha yake yote. Akauma meno, akageuka, akarudi.

Basi la mwisho likaja. Akalisikia likisimama, mlango ukafunguka, kisha ule mlio mrefu wa basi linapoinama ili mzee au mgonjwa apande. Liliinama sana. Halafu likaondoka.

Kesho yake theluji ya kituoni ilikuwa na shimo dogo, bila ganda wala sarafu. Bisimwa alifungua sanduku, akarudisha nguo kabatini. Esperance akatafuta sarafu mpya, na siku chache baadaye Mutuku alikula, akajishika tumbo, akalalamika kwamba ameshiba mno. Wateja wakarudi.

Machi, usiku mmoja mgahawa umejaa watu na vicheko, Esperance alikuwa anakula amesimama kaunta, chakula mdomoni, mlango ukafunguka. Baridi ikaingia. Jikoni maji yalikuwa yanachemka, lakini sarafu ikanyamaza. Akainua kichwa kwanza. Hapakuwa na mtu mlangoni, ila zulia lilikuwa linalowa, taratibu, katika umbo la miguu miwili iliyosimama nje kidogo ya kizingiti, ikingoja.

Akatafuna, akameza.

"Tumefunga," akasema, akaendelea kula.