Folda ya Kaka

Jioni ile nilipita studio yetu ya picha kuwasha programu niliyoiunda mwenyewe. Kazi yake ni kulinganisha folda mbili: kinachoingia huku kinaingia na kule, kinachofutwa huku kinafutwa na kule. Niliunganisha kompyuta yangu na ya marehemu kaka. Nilitaka picha za wateja wake tu. Yeye mwenyewe alishaniudhi vya kutosha akiwa hai.

Kaka hakujaliwa mtoto. Aliniomba binti yangu Kidoti akamlee, nikamkatalia mbele za watu. Ningemkatalia tena leo.

Mjane wake alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Shemeji, basi fanya upande mmoja," akanong'ona. "Chukua vyake. Usimpe vyako."

"Marehemu hata printa ilikuwa inamshinda. Nenda nyumbani, shemeji."

Nikaiacha pande mbili. Sikuwa na haja ya kufundishwa kazi na mtu anayeogopa kizingiti.

Feni ya kompyuta ya kaka ikaanza kuvuma. Vuuu... Harufu ya sigara zake ikajaa chumbani. Kwenye folda yangu ikaingia picha mpya. Ni mgongo wangu, nimeketi palepale.

Nikageuka.

Ukuta mtupu.

Ikaingia nyingine: Kidoti yuko jikoni kwetu, na gauni lilelile alilovaa asubuhi. Kisha picha zake zote zikaanza kutoweka kwenye folda yangu, moja moja, kuanzia ya kuzaliwa... Nikang'oa waya wa umeme wa kompyuta ya kaka. Feni haikunyamaza.

Nikampigia mke wangu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

Siku zote huniita Baba Kidoti. Safari hii aliniita kwa jina langu.

Nikafungua folda ya kaka. Picha zote zilikuwa humo. Programu yangu haina amri ya kuhamisha, najua kila mstari wake. Ya mwisho ilikuwa mpya: Kidoti amepakatwa na kaka, na gauni lilelile.

Mjane ananisihi niizime programu. Namchukia kaka mpaka kesho, lakini sizimi. Kila jioni inaniletea picha moja. Jana Kidoti alikuwa ameng'oka jino la mbele. Anacheka, na mkono wa kaka uko begani mwake.